Kati! Kati!

Nilikuwa na wiki 3 Kampala, nimetoka Tanga, na Kiganda changu chote kinaishia kwenye "ssebo" (bwana) na "webale" (asante). Jirani yangu pale Ntinda akaniambia Alhamisi kuna maigizo ya papo kwa papo, twende. Nikadhani tunaenda kutazama.

Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Wawili wanaigiza, mtu anapiga kelele "Friizi!", wanakuwa sanamu. Unaingia, unamgusa mmoja begani, anatoka, unakaa vilevile alivyokaa, kisha unaanzisha kisa kingine kabisa. (Sisi tungesema "Ganda!", ila mbele ya Baganda ukumbi mzima, sijui wangeelewaje.) Sheria ni moja: mwenzako akileta jambo, usilikatae. Lipokee, uongeze lako.

Niliyemrithi alikuwa analima. Basi nikainama, makalio juu, jembe la hewa mkononi. Mwenzangu pande la mtu, dereva wa bodaboda, kasimama miguu kaitanua kama magoli. Kiongozi akapaza sauti: "Kati!"

Nikasogea katikati ya jukwaa, nimeinama vilevile, kwa mwendo wa bata.

"Kati, ssebo! Kati!"

Kwani hapa ni wapi? Nikasogea kidogo kushoto. Watu wakaanza kucheka. "Kati!" Nikaangaza huku na huku, kati iliyobaki ilikuwa moja tu: ile ya miguu ya jamaa. Nikaingia.

Bwana yule alishtuka, lakini sheria ni sheria. Akanikalia mgongoni, akasema, "Kale!"

Aa, kumbe kisa ni cha kale! Si mngesema mapema. Nikakumbuka historia ya shuleni, wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda mwaka 1844. Nikawa mpagazi. "Bwana mkubwa," nikalia, "mabunda haya ya bafta yamenivunja kiuno tangu Tabora! Haya, tumefika kwa Kabaka Suuna!"

Kiswahili hakijui, ila "Kabaka" alilisikia vizuri sana. Muganda mbele ya Kabaka, mfalme wake, haulizi, anakwenda chini. Huyu alikwenda kifudifudi, na kilo zake zote, mimi nikiwa chini yake. Suruali yangu ikapasuka kuanzia mkandani, *chwaaa*, wa viti vya nyuma wakasikia.

Ukumbi ukasimama, makofi na vigelegele.

Baadaye, kwenye kibanda cha rolekisi (chapati iliyoviringishiwa mayai), sweta ya jirani nimeifunga kiunoni, kiongozi akaja kunisifu: ule ubunifu nimeutoa wapi? Jirani ndiye aliyenifungua macho, anacheka hadi yai la rolekisi linamdondoka. "Kati" kwa Kiganda ni sasa, yaani nianze. Na "kale" ni sawa, haya basi.

"Alhamisi urudi," kiongozi akaniambia. "Kale?"

Kabla sijajibu, nilikuwa nimeshainama.