Frank Robinson na kiti kilichochelewa miaka 28

Wengi wanaomkumbuka Frank Robinson huanza na tarehe 8 Aprili 1975, alipoiongoza timu ya Cleveland akiwa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani na, kwa kuwa bado alikuwa mchezaji, akajipanga kikosini na kuupiga mpira ukavuka uzio katika zamu yake ya kwanza ya kupiga. Mimi huanza na Puerto Rico. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda huko majira ya baridi kuinoa timu ya Santurce, akijifunza kazi ambayo hakuna klabu ya Ligi Kuu iliyokuwa imewahi kumpa mtu wa rangi yake.

Uwanjani hakuwa na deni. Cincinnati ilipomwachia aende Baltimore ikimwona amezeeka akiwa na miaka 30, yeye aliyekuwa mchezaji bora wa National League mwaka 1961 akawa mchezaji bora wa American League, ligi ya pili kati ya mbili zinazounda Ligi Kuu, mwaka 1966, na hakuna aliyewahi kutwaa tuzo hiyo katika ligi zote mbili kabla yake. Jackie Robinson, ambaye hawakuwa na undugu, alikuwa amewafungulia wachezaji Weusi mlango wa Ligi Kuu mwaka 1947. Naamini kiti cha kocha kilichelewa miaka 28 kwa sababu mchezaji hutetewa na takwimu zake, ilhali kocha huteuliwa kwa imani ya wenye timu, na imani hiyo ndiyo watu Weusi waliyonyimwa.

Alifukuzwa Cleveland, akafukuzwa San Francisco, na mwaka 1988 akaikubali Baltimore iliyokwisha kupoteza mechi sita mfululizo, akapoteza nyingine 15 kabla ya kushinda. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo iliwania ubingwa wa kanda yake hadi siku za mwisho, naye akachaguliwa kocha bora. Baadaye alikuwa msaidizi wa meneja mkuu, yule anayesajili wachezaji na kuunda kikosi, huko Baltimore, kisha akasimamia nidhamu ya wachezaji katika ofisi za Ligi Kuu. Hakuwahi kuwa meneja mkuu wa klabu, na jambo hilo linaniuma.

Mei 2006, akiwa na miaka 70 na akiifundisha Washington, alimtoa mdakaji wake, anayedaka mipira nyuma ya mpigaji, katikati ya mchezo kwa sababu wapinzani walikuwa wakiiba vituo watakavyo, yaani wakikimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa naye asiweze kuwazuia. Timu ilishinda, lakini Robinson, aliyesifika kwa ukali, alitokwa na machozi mbele ya waandishi kwa kumwaibisha kijana huyo.