PSA mia tisa si hati ya kifo

Juzi huku Kibosho nimewasikia watu wazima, wenye digrii zao, wakimjadili mzee aliye hai kama marehemu. "PSA yake mia tisa, huyo hamalizi mwaka." PSA ni kile kipimo cha damu cha kufuatilia saratani ya tezi dume, aliyonayo mzee huyo. Mwingine akadakia kwamba watoto waitwe kutoka Dar, kihamba, yaani shamba la ukoo, kijadiliwe mapema. Mzee mwenyewe alikuwa mgombani anakata majani ya ng'ombe.

Siku hizi kila mtu Moshi ni bingwa wa tezi dume. Anauliza namba, anatikisa kichwa, hukumu imetoka.

Haya, nakubali: PSA kubwa mwanzoni si habari njema. Lakini saratani ikishasambaa, namba ya siku ya kwanza ina maneno machache kuliko ile inayofuata baada ya korodani kutolewa au sindano za kushusha homoni za kiume, zinazolisha saratani hii, kuanza. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya elfu moja ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, wakiangalia PSA imefika wapi baada ya miezi 7 ya kushusha homoni. Walioshuka hadi 0.2 au chini ya hapo, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75. Waliobaki juu ya 4, nusu hawakuvuka miezi 13. Hiyo ni kwa dawa za enzi zile.

Sasa niambieni, nani huku kwetu anapima mwezi wa saba? Mzee akishapata nafuu ya mgongo, akilala usiku bila kuugulia, basi amepona! Anarudi kwenye kahawa yake, kadi ya kliniki inawekwa kabatini pamoja na risiti za ushirika. Miaka miwili baadaye anarudishwa amebebwa, na sisi tunasema "si tulisema, mia tisa ile." Inaniudhi mno. PSA inayogoma kushuka ni taarifa kwa daktari kwamba kushusha homoni peke yake hakutoshi, aangalie cha kuongeza mgonjwa akiwa bado na nguvu ya kuhimili dawa.

Na mengine yapo. Saratani iliyofika kwenye ini ni mbaya kuliko iliyoishia kwenye mifupa. Mifupa nayo, madoa mawili kwenye skani si sawa na kumi. Gleason (alama ya ukali wa saratani) ya 8 kwenda juu, damu kupungua, mtu kushinda kitandani: yote yana uzito. Mzee wa majani ya ng'ombe hayumo kwenye kundi la kushinda kitandani, ila hilo nani kaliuliza?

Kupima ni gharama, najua, hasa kwa asiye na bima. Ila kwenye vikao vya msiba hatujawahi kukosa hela ya turubai na muziki.

Kwa hiyo dada zangu, maana ni ninyi mnaowapeleka baba zetu kliniki wakati sisi tuko vijiweni: siku tiba inapoanza, mwombeni daktari tarehe ya kurudia PSA. Iandikeni kwenye daftari lenu, kadi hupotea. Mzee akisema hana haja ya kwenda kwa sababu haumwi tena, mpandisheni gari hivyo hivyo, anune hadi mjini.