Barua ya chifu iandikwe majina ya watoto wote, hata dada walioolewa

Hii kitu nimeiona hapa Eastlands, Nairobi, mpaka inaniuma. Mzee amefariki, hata hajazikwa, watu bado wanachangisha pesa ya mochari, na tayari kuna karatasi mpya kwa geti ya ploti inaambia wapangaji renti ya mwezi huu itumwe kwa M-Pesa ya kijana mkubwa. Na watu wananyamaza ati kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba. Jamani, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu kabla korti haijamruhusu, na ukishikwa ni faini mpaka shilingi 10,000 ama jela mpaka mwaka mmoja, ama zote mbili.

Ruhusa inatoka kortini. Kama mzee aliacha wosia, yule aliyetajwa humo kuusimamia anaenda kuomba uthibitishwe, na kama hakuacha, na wengi wetu hatuachi, familia inaomba barua za usimamizi, ile tunaita granti. Unabeba cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi, kisha ombi linatangazwa kwa Gazeti Rasmi na watu wanapewa siku 30 za kupinga.

Sasa hapo kwa barua ya chifu ndipo maneno huanza. Kaka wawili wanaenda ofisini asubuhi, wanataja majina yao na ya mama, dada aliyeolewa Kitui hatajwi, mtoto wa mke wa pili hatajwi, muhuri unagongwa, basi. Nasema wazi huo ni wizi. Sheria haiulizi kama binti ameolewa, mtoto ni mtoto, na kama wazazi wote wameenda na hakuna wosia, mali inagawanywa sawa. Mama akiwa hai anakaa na hiyo mali maisha yake yote, lakini hawezi kuuza ploti bila korti kukubali.

Halafu watu wakipata granti wanaleta mnunuzi wiki hiyo hiyo. Granti haikufanyi mwenyewe, inakupa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kuyatolea hesabu. Kwa kawaida unangoja miezi 6 ndio urudi korti ithibitishe nani anapata nini, na hapo ndipo ardhi inaweza kuhamishwa kwa majina ya warithi.

Dada yangu unayesoma hii na unajua jina lako liliachwa, usikae ukilia tu, weka pingamizi kabla hizo siku 30 ziishe. Na kama granti ishatoka, kifungu cha 76 kinaruhusu korti kuifuta ikiwa ilipatikana kwa kuficha jambo muhimu, na mrithi aliyefichwa ni jambo muhimu. Anza na kutafuta namba ya faili, ukiwa nayo unaweza kuomba uisome pale rejista ya korti, ikiwemo hiyo barua ya chifu.