Mgeni Rasmi Ameimbiwa Vya Kutosha

Nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi hapa Leicester, na wanangu wamesoma huku huku Uingereza. Kwa hiyo nikisema shule za huku zinafundisha kwa nyimbo, si habari ya kusimuliwa. Watoto wa miaka minne wakiingia asubuhi, kuna wimbo wa siku za juma. Wakati wa kukusanya vifaa vya kuchezea kuna wimbo wake. Ukianza tu, kila mtoto anainama kuokota na mwalimu hajapaza sauti. Sauti za herufi nazo zinaimbwa kwa ishara za mikono. Mwalimu akitaka kimya hagongi meza kwa fimbo, anapiga makofi kwa mdundo fulani, darasa linamrudishia mdundo ule ule, basi, kimya. Ukipita dirishani utadhani ni michezo. Ukifungua andalio la somo utakuta wimbo umeandikwa humo pamoja na dakika zake na shabaha yake.

Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni hesabu. Tangu 2022 kila mtoto wa mwaka wa nne katika shule za serikali za England, yaani mwenye miaka minane au tisa, anafanya jaribio la kuzidisha kwenye kompyuta: maswali 25, sekunde sita kwa kila swali, hadi tebo ya kumi na mbili. Basi watoto wanaanza mapema kuziimba tebo. Ya tatu ina mahadhi yake, ya nne yake, na nyingi zimepachikwa kwenye nyimbo za redioni ambazo watoto wanazijua tayari. Saba, kumi na nne, ishirini na moja... Wanashika upesi ajabu. Hata wale wazito wa hesabu, hata aliyehamia mwezi uliopita na Kiingereza hajui, nao wamo.

Sasa mchukue mtoto anayeijua tebo kwa wimbo tu, umuulize saba mara nane. Ataanzia mwanzo: saba, kumi na nne, midomo inacheza, vidole vinahesabu chini ya meza. Akifika hamsini na sita, sekunde sita zimekwisha na kompyuta imeshaleta swali jingine. Wimbo umemtia namba kichwani lakini umezipanga foleni, na ya nane haifikii mpaka azipite saba zilizotangulia. Ndiyo maana walimu wazuri hapa hawaishii kwenye kuimba. Wanaukatiza wimbo katikati na kumtaka mtoto aendelee. Wanauimba kinyumenyume, kutoka themanini na nne kushuka. Wanaitoa namba moja na kupiga kofi mahali pake, kisha darasa linaulizwa kofi lile ni ngapi. Baada ya wiki kadhaa wimbo unaachwa, tebo inabaki. Walimu wasio wazuri, nao wapo wengi tu, wanawasha video kwenye skrini, watoto wanarukaruka, mwalimu anasahihisha madaftari, na kipindi kinahesabiwa kimefundishwa.

Mimi ni wa Tanga, na simkubali mtu anayeniambia kwamba Wazungu wametutangulia katika jambo hili. Chuoni, yaani madrasa, tulisoma herufi za Kiarabu kwa mahadhi, fatha, kasra na dhumma, mwalimu mmoja na watoto wa kila umri kwenye mkeka mmoja, na wengi wetu tuliijua alifu kabla ya a. Majirani zetu wa kwaya walisoma do re mi zilizoandikwa ubaoni, mfumo ulioenezwa karne ya 19 na mchungaji Mwingereza, John Curwen, ukaletwa Afrika na wamisionari. Wanakwaya wa kwetu wanausoma hadi leo. Huku ulikotoka sijakutana na mtoto anayeujua.

Na kabla ya hayo kulikuwa na unyago. Marehemu Bi Kidude, ambaye dunia ilimjua kwa taarabu, kwao Unguja alijulikana pia kama mwalimu wa unyago, na kazi ile hufanywa kwa ngoma na nyimbo. Kungwi haimbi akaishia hapo. Anaimba fumbo, wari wanaitikia, kisha fumbo linafumbuliwa: hili lina maana gani, na lile linakukataza nini. Mwari anayeimba vizuri bila kujua maana hajafundwa bado. (Sitaingia ndani zaidi, wanaume nao wanasoma.) Kuimba, kisha kufumbua. Ndicho wanachokifanya wale walimu wazuri wa Leicester, na ndicho shule zetu zilichokiacha nje ya geti.

Si kwamba shuleni hatukuimba. Tuliimba kutwa! Alfajiri tulikimbia mchakamchaka tukimwimba Idi Amin na mamba wa mto Kagera. Watu waliozaliwa miaka mingi baada ya vita vile vya 1978 na 1979 wanaweza kukuimbia yote bila kukosea neno, lakini waulize vita vilianzaje. Hakuna aliyetufumbulia.

Halafu mahafali. Wiki kadhaa kabla, vipindi vinavunjwa, watoto wanasimama juani wakifanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, ngonjera ya kumsifu mgeni rasmi, na igizo la kumwomba mgeni rasmi madawati. Ngonjera yenyewe, mshairi Mathias Mnyampala alipoieneza miaka ya 1960, ilikuwa ya kuelimisha: watu wanabishana kwa beti mpaka mmoja anaelewa. Siku hizi wote wanakubaliana tangu ubeti wa kwanza kwamba mgeni ni mtu mwema. Na ugonjwa huu ni wa zamani. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya wanafunzi. Wakubwa walipenda kupigiwa tangu enzi hizo.

Jumatatu baada ya mahafali, watoto wale wale wanarudi darasani kukariri tebo kwa sauti moja kavu, themanini kwa pamoja, na asiyejua anajificha katikati ya wanaojua.

Najua mtakayosema. Darasa la watoto wadogo huku, wa miaka mitano hadi saba, haliruhusiwi kisheria kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Lina msaidizi kama mimi, lina skrini, lina vitabu. Mwalimu wa kwetu ana watoto mia na chaki. Kweli kabisa, na sitaki kumwongezea mzigo mtu ambaye mshahara wake naujua. Lakini nyimbo hazisumbuliwi na wingi wa watoto. Watoto mia wakiimba ni raha kuliko thelathini, nawasikia hao thelathini kila siku. Tena hawa wa huku, waliozoea kufuata skrini, hata kupokezana na kiongozi inabidi wafundishwe. Wa kwetu wanakuja shule wakijua kuitikia. Mwalimu aligawe darasa pande mbili, upande mmoja uulize kwa kuimba, mwingine ujibu, kisha akatize na kumnyooshea kidole mtoto mmoja ajaze pengo. Yule aliyekuwa akijificha anaonekana palepale, na hakuna shilingi iliyotumika.

Kinachoniuma zaidi ni kidato cha kwanza. Mtoto wa shule ya serikali amesoma kwa Kiswahili msingi yote, anaingia sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na papo hapo nyimbo zinakoma kwa sababu eti ni mambo ya chekechea. Huku nimekaa na watoto wa miaka kumi na kumi na moja waliofika kutoka nchi nyingine hawasemi neno, na sentensi zao za kwanza nzimanzima zilitoka kwenye kiitikio cha wimbo. Hakuna aliyewacheka. Kijana wa Tanga anayekutana na usanisinuru kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza ana haki ya msaada huo huo.

Mtaniambia mtihani wa taifa hausubiri, muda wa kuimba utatoka wapi. Muda upo, ni ule wa mazoezi ya mahafali. Sisemi yafutwe, akina mama wameshashona sare. Ila kama mgeni rasmi lazima aimbiwe, aimbiwe tebo ya saba, watoto waikatize pale wanapotaka. Na kabla hajapewa nafasi ya kuhutubia, kiranja amshikie kipaza sauti, amuulize yeye saba mara nane. Sekunde sita.