Nilikula kiapo, nikashushia na chapati sita

Jamani naomba kuuliza, hivi hiki Kiswahili nani alikitunga, maana huyo mtu hakua na mpango wa kupungua hata kidogo. Mwezi wa kwanza nimemkalisha mama watoto nikamwambia kuanzia leo basi, nakula kiapo. Unaona? Naanza safari ya kuacha kula kwa kula. Mtu akipata vihela anakula bata, akipata zaidi anakula kuku kwa mrija, akizeeka amekula chumvi nyingi, akikimbia kakula kona. Wakikupangia ubaya wamekula njama, biashara ikifa umekula hasara, mwizi akidakwa anakula kichapo. Sasa mimi fundi simu wa Kariakoo mwenye kilo 97 natokea mlango gani kwenye lugha hii?

Hizo kilo 97 nilipimwa kituo cha afya, tena nilikua nimeenda kwa ajili ya mgongo. Daktari binti mdogo tu, akachukua zile kilo akazigawanya kwa urefu wangu mara urefu wangu, mita 1.68, na hapo nilijinyoosha mpaka shingo ikaita, ikaja 34. Akasema kuanzia 25 ni uzito uliozidi, ukifika 30 kwenda juu inaitwa kiribatumbo. Kiribatumbo! Mi nikajua ni ngoma ya asili ya watu fulani huko, nikawa nangoja aniambie inachezwa vipi. Presha 150 kwa 95. Akanambia punguza wanga na mafuta baba yangu, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Nikarudi nyumbani nawaza chapati, ambayo ni wanga uliokaangwa kwenye mafuta, yani yenyewe haijachagua upande.

Watu wanasema epuka vishawishi. Nawakaribisha kwenye stuli yangu. Mi nakaa masaa kumi kwa siku, meza mbele, blowa mkononi, na vishawishi havisubiri niviendee, vinanifata vyenyewe na kila kimoja kina sauti yake. Asubuhi muuza kahawa anagonganisha vikombe na kashata zipo kwenye kopo. Saa nne dogo wa mayai ya kuchemsha na kindoo cha kachumbari yenye pilipili. Saa tano wa sigara na karanga anachezesha sarafu kiganjani. Saa sita mama ntilie anamtuma binti yake apite meza hadi meza, "kaka leo kuna wali maharage, wali samaki, ugali dagaa, makange", anaita kama mwalimu anaita majina na tumbo langu linaitika nipo. Jioni baiskeli ya aiskrimu na ule mziki wake wa wimbo mmoja. Mlevi akitaka kuacha pombe anaacha kupita baa. Mi baa inapita kwangu.

Nikaingizwa grupu la WhatsApp la kupungua, elfu kumi na tano kiingilio, nikatumiwa ratiba. Asubuhi maji ya moto, ndimu na mdalasini. Mchana matango mawili na yai moja. Jioni supu ya mboga isiyo na mafuta na chumvi uiweke kwa mbali. Sina ugomvi na tango, mtu asinielewe vibaya, ila tango ni kunywa maji kwa kutafuna. Siku tatu nilikua shujaa, nikawa natazama watu wanaokula chipsi kama walokole wanavyotazama watu wa disko.

Siku ya nne nipo kwenye mwendokasi narudi, tumbo likanguruma mpaka dada aliyesimama pembeni akatoa simu kwenye pochi akijua inaita. Nashuka kituoni, kibanda cha chipsi kile pale, jamaa anagonga kisu kwenye kikaango, ta ta ta. Nikasema naangalia tu. Mtu mzima umesimama kwenye kibanda cha chipsi unaangalia, kama vile ni mechi. Nikaagiza chipsi kavu, nusu. Jamaa akanambia bosi nusu hatuuzi. Basi weka mayai, nikasema, piga zege, na zege halilali, hilo hata mafundi ujenzi wanajua.

Lakini mnielewe, zege sio tatizo. Zege nimekula, limeisha, ningeenda nyumbani. Tatizo ni ile sauti inayokuja baada ya zege inayosema si umeshaharibu leo? Sasa unabakiza nini? Na hapo ndo wazee wetu wanapokuja kukumalizia na methali zao, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikaongeza mishikaki mitatu, nikashushia na soda ya baridi. Nikapita kwa mama wa vitumbua nikachukua sita vya watoto, watoto ninao watatu, vilivyofika mlangoni vitatu, nikajisemea kimoja kimoja kinawatosha wasije wakazoea sukari. Na asikwambie mtu, ule ulaji hauna raha. Kitumbua cha kwanza unasikia utamu, cha pili unakumbuka utamu, kuanzia cha tatu unakoboa tu kama mashine, unatembea kwenye giza unatafuna haraka haraka na ukiona mtu unayemjua anakuja unavimba mashavu unaitikia salamu kwa kichwa.

Nimefika ndani nimekula supu ya mboga mbele ya familia. Mama watoto akanisifia. Hiyo sifa iliniuma kuliko kiungulia.

Afu kuna suala la usiku. Mke wangu siku hizo alikua anapika chapati jioni za chai ya asubuhi, anaziweka kwenye hotpoti, hotpoti anaifunga na kanga, fundo juu. Sio kufuli, fundo tu, yani heshima. Saa saba usiku nimeamka kunywa maji. Mimi hua naamka kunywa maji, na sijui kwanini maji yote ya nyumba ile yanakaa karibu na hotpoti. Nikawasha tochi ya simu nikasoma kanga, imeandikwa SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Nikasimama nikatafakari. Kama sote abiria, mi nani nishike usukani? Nikafungua fundo.

Nilikusudia nusu. Nusu ya chapati ina shida moja, inaacha nusu nyingine inakuangalia. Kwa hiyo nikala moja ili mambo yawe sawa. Ya pili nilikua nahakikisha kama ya kwanza ilikua na chumvi. Kuanzia ya tatu sina maelezo, polisi wangekuja ningekaa kimya. Zikaisha sita, kavu, nimesimama, mlango wa friji nimeuegemea usilie. Afu nikabaki na kanga mkononi, ndo nikagundua kosa langu kubwa la usiku ule, sikuangalia lile fundo lilifungwaje.

Mimi nafungua simu yenye nati ndogo kuliko chawa, kila nati naijua ilikotoka, nikashindwa fundo la kanga. Nimelifunga mara nne. Asubuhi mama watoto ameingia jikoni, kimya kama dakika nzima, akatoka ameishika hotpoti na mikono miwili kama kidhibiti. "Hili fundo ni la mtu wa mkono wa kushoto." Nyumba nzima wa mkono wa kushoto ni mimi na paka hatufugi. Nikajaribu kusema labda panya, akaniuliza panya wetu siku hizi anafunga mizigo? Na kale kabinti kangu ka mwisho, miaka sita, kakasema mama, usiku baba alikua anaongea na hotpoti.

Na ni kweli nilikua naongea nayo. Nilikua naiambia ya mwisho hii.

Aliyeniokoa, nusu kuniokoa, ni binti wa kaka yangu anayesoma mambo ya lishe pale SUA Morogoro. Alikuja likizo akakuta kesi inaendelea. Akaniuliza bamdogo, mchana unakula nini? Nikamwambia kwa kujivuna, matango mawili na yai. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanisimulia kwamba Wamarekani mwaka 1944 mpaka 1945, vita vikubwa vinaendelea, waliwachukua vijana 36 waliokataa kubeba silaha, wenyewe wakajitolea, wakapunguziwa chakula kama miezi sita ili wataalamu wajue jinsi ya kuwalisha watu walioteswa na njaa vitani. Vijana wazima hao wakaanza kuota chakula, kulamba sahani, kuna waliokua wanakusanya vitabu vya mapishi na kukaa wanavisoma. Na waliporudishiwa chakula wengine walikula mpaka wanaumwa na bado hawashibi. Nikanyamaza. Maana kwenye simu yangu, saa nane usiku, mimi naangalia video za mama mmoja wa Kizanzibari anasonga unga wa visheti, na visheti siwezi kupika, wala sina mpango.

Akasema bamdogo njaa ya mchana unaikopa, usiku inakuja kudai na riba. Akasema pia ile ya kula haraka bila hata njaa, mpaka tumbo linauma, kwa kujificha kwa sababu unaona aibu, afu baadae unajichukia, ikikupata walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, ina jina lake kabisa, Wamarekani waliipa nafasi yake kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 2013, na watu wanatibiwa kwa kuongea na mtaalamu, sio kwa kuchekwa. Aliponisomea zile dalili nikageuka nyuma, nilihisi huyo aliyeziandika alikua amejificha jikoni kwangu nyuma ya ndoo.

Mama watoto akasema, "Ugonjwa? Chapati zangu zinaliwa saa saba usiku tunapewa ugonjwa." Ila tangu siku ile hajanicheka, na hilo ndo limenitisha.

Basi binti akafuta ratiba ya grupu. Asubuhi nakula, kula kweli, kiazi kitamu na yai na chai sukari kijiko kimoja. Mchana ugali wa ukubwa wa ngumi, mchicha mwingi, samaki, kwa mama ntilie yule yule. Tukabishana kidogo kuhusu ngumi ya nani. Na nikawa nashuka vituo viwili kabla natembea. Miezi mitatu, kilo sita zikaondoka, 91. Nilienda kwa wale vijana wa mizani wa pembeni ya barabara, mia mbili, nikavua viatu, nikavua mkanda, nikatoa funguo na simu mbili za wateja, kijana akaniuliza kaka unabakiza nini sasa.

Hapo ndo nikagundua nchi hii haina nafasi ya mtu anayepungua. Ukinenepa, "umenawiri", "mambo yamekunyookea". Ukipungua kilo sita unaitwa pembeni. Jirani kanishika bega kwa huruma, ndugu yangu vipi, siku hizi kuna dawa, usikae na siri. Mwenye fremu kapandisha sauti ya kudai kodi, anajua biashara imekufa. Mama yangu mzazi Muheza kaniona kwenye video akaanza kulia, afu akakata simu akampigia mke wangu, sijui walichoongea, ila mwisho wa wiki kimekuja kikapu kwa basi, nazi kumi, mihogo na jogoo mzima, mzima wa kutembea.

Na shughuli je? Mwezi wa nane nilikua na kadi tatu. Sendofu laki moja, harusi laki na nusu, na huku una kamati inakupigia saa mbili usiku kukukumbusha ahadi. Mtu umetoa laki na nusu kwa ajili ya ile sahani, unafika pale na akili zako timamu unaweka majani? Nilijipanga nikawa nachota kwa adabu, ngumi moja ya pilau. Yule dada wa kugawa nyama akanitazama sahani, akanitazama uso, "baba ongeza, kipo", akaniwekea vipande vinne mwenyewe. Kukataa ningeonekana naringa. Nikala. Na ile sauti ikafika kwa wakati kama mgeni wa heshima, si umeshaharibu leo? Nikapanga foleni mara ya pili, nimegeuza kofia ili dada asinijue. Kanijua. Mara ya tatu kaniita kwa jina.

Mizani ya juzi imesema 94. Binti wa SUA kaniandikia meseji, bamdogo usianze kujinyima kisa hiyo harusi, kesho kunywa chai yako kama kawaida. Nimekunywa. Na ile namba ya mtaalamu wa kuongea naye aliyonitumia ninayo, nimeitunza kwa jina la fundi bomba ili watu wasiulize, na Jumanne nimepewa nafasi, saa nne.

Saa hizi ni saa saba na robo usiku, niliamka kunywa maji. Nimekaa kwenye ndoo jikoni naandika hapa ili vidole viwe na kazi. Hotpoti ipo mbele yangu, leo mama watoto kabadilisha kanga, nimemulika nimesoma, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na sijaelewa kama anajisemea yeye au ananisema mimi. Fundo nimelipiga picha kwanza, pande zote nne, kama ninavyopiga simu ya mteja kabla sijaifungua.

Sijalifungua. Nimeinyanyua tu hotpoti nikaipima kwa mkono, humo zipo nne.

Tano.