Kongamano la zabibu Dodoma lifanyike kabla ya kupruni

Linapotajwa wazo la kuwaandalia wakulima wa zabibu na wenye viwanda vya mvinyo wa Kanda ya Kati maonyesho na kongamano lao wenyewe, jibu la kwanza huwa moja: makongamano yametosha, leteni matangi. Wanaosema hivyo si watu wa kubeza. Wengi ni wakulima wa Mpunguzi, Mbabala, Hombolo na Chinangali ambao wamewahi kuona kreti zimepangwa kando ya barabara, kiwanda kimesema kimejaa, na dalali kafika jioni na bei yake mwenyewe. Mtu aliyepitia hayo, ukimtajia mkutano wenye mada na mabanda, anachosikia ni posho za watu wengine.

Hoja yao ina uzito. Zabibu ya mvinyo haisubiri. Kwa joto la Dodoma, ikishakatwa inatakiwa ikamuliwe siku hiyo hiyo au kesho yake, na asiye na pa kuiweka hana nguvu ya kukataa bei. Tangi la chuma lenye kupozwa, likijaa mchuzi (maji ya zabibu zilizokamuliwa), linaupa ushirika wiki kadhaa, pengine miezi, za kupatana na mnunuzi. Kongamano halimpi mkulima nafasi hiyo. Tena fedha ya umma inayoishia kwenye mahema, fulana na msafara wa mgeni rasmi ni fedha ile ile ambayo ingelipia mtambo. Tangu wamisionari wa Kikatoliki walipopanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, mkoa huu umesikia ahadi nyingi. Umeona pia kiwanda cha mvinyo cha umma, Dowico, kikisimama kazi na kuwaacha wakulima wakihangaika na mavuno yao. Uchovu wao una historia.

Hata hivyo, nikiusikiliza ubishi huu naona tunakataa kitu ambacho hatujawahi kukifanya sawasawa. Tulicho nacho ni Nane Nane. Pale viwanja vya Nzuguni zabibu hupata kona yake katikati ya ng'ombe wa maonyesho, matrekta na mbegu za alizeti. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora huonyesha miche, na watengenezaji wa mvinyo huweka chupa mezani na vikombe vidogo vya kuonjesha wapita njia. Ni kazi nzuri, na imewapa wajasiriamali wengi wateja wao wa kwanza. Ila hilo ni soko la mnywaji. Mkulima wa zabibu anapita pale kama mgeni mwingine yeyote, anaonja, anasifia, anarudi shambani bila kujua kiwanda kitachukua kilo ngapi msimu huu.

Mkutano wa wenye kazi yao ni kitu kingine. Mnunuzi anayetembea kati ya mabanda ni mkulima na mwenye kiwanda. Wauzaji ni wa waya na nguzo, pampu za matone, dawa za ubwiri (ugonjwa wa ukungu), hamira, chupa, vizibo, mashine za kukamulia na vifaa vya maabara. Kwenye kumbi za pembeni watu wanabishana juu ya bei, magonjwa, kodi na aina za mbegu. Marekani upo mkubwa wa namna hiyo unaofanyika Sacramento, jimbo la California, kila Januari tangu miaka ya 1990. Unaandaliwa kwa pamoja na chama cha wakulima wa zabibu wa jimbo hilo na chama cha wataalamu wa mvinyo, na wauzaji wa vifaa hujaa kwa mamia. Wenye mashamba madogo zaidi ya mashariki mwa nchi hiyo nao wana wao, kwa kawaida mwezi Machi. Ufaransa kuna ule wa Montpellier, kila baada ya miaka miwili, mwishoni mwa Novemba. Australia wana kongamano la kiufundi la kila baada ya miaka mitatu, ambalo mara zake za karibuni lilifanyika Adelaide, mwezi Juni au Julai.

Zitazameni tarehe hizo. Januari, Machi na Novemba kwa walioko kaskazini, na Juni na Julai kwa walioko kusini. Zote zinaangukia wakati mzabibu wao umelala kwa baridi au ndiyo kwanza unakaribia kuamka. Mavuno yamekwisha, msimu mpya haujaanza, na mkulima bado hajaamua aache matawi mangapi. Akitoka mkutanoni anarudi kwenye shamba linalomsubiri aamue.

Nane Nane inaangukia wapi? Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi wake. Akipruni leo, yaani akikata matawi, kama miezi minne baadaye anavuna, na ndiyo sababu tunavuna mara mbili kwa mwaka: msimu mmoja kati ya Februari na Aprili, mwingine kuanzia Agosti hadi Septemba. Rudi nyuma miezi minne kutoka kila msimu, unakuta mkasi unafanya kazi kati ya Oktoba na Desemba, halafu tena Aprili na Mei. Ikifika tarehe 8 Agosti, vishada viko kwenye mti, vingine vimeshaiva. Uamuzi wote umekwisha kufanyika. Mkopo wa salfa ya kuzuia ubwiri umechukuliwa, vibarua wamelipwa, idadi ya vishada ilishapangwa tangu Aprili. Tunamleta mkulima mbele ya mnunuzi katika wiki ambayo hana anachoweza kubadilisha isipokuwa bei, na kuibadilisha kwake ni kuishusha. Halafu tunashangaa kwa nini maonyesho hayamsaidii.

Nimeikazania tarehe hii kwa sababu naamini ndani yake mna jibu la wale wanaodai matangi. Wenzetu wa nchi za baridi wanavuna wakati mmoja bila hiari. Jua na baridi vimewapangia. Sisi wakati wa mavuno unapangwa na mkasi. Wakulima wa vijiji vitatu wakipruni wiki moja, zabibu zao zitaiva wiki moja na zitagombea tangi moja. Wakipishana kwa siku kumi na nne, zitaiva kwa kupishana karibu hivyo hivyo. Mvinyo mwekundu hukaa na maganda yake tangini kwa wiki moja hivi wakati wa kuchachuka kabla ya kukamuliwa na kuhamishiwa chombo kingine. Tuseme kiwanda kina matangi ya kuchachushia ya kutosha tani 20 kwa mkupuo. Zabibu zikija zote kwa pamoja, kinachukua tani 20 na kufunga geti. Zikija kwa awamu tatu zilizopangwa, na vyombo vya kuhifadhia vipo, matangi yale yale yanapokea tani 60. Hakuna tangi jipya la kuchachushia lililonunuliwa. Kilichohitajika ni wenye mashamba na wenye matangi kukaa meza moja mwezi Oktoba na kupeana wiki.

Siku tatu za mkutano zingetosha kwa hilo. Kiwanda kinasema: bado tuna mchuzi wa msimu uliopita, nafasi tuliyonayo ni hii, safari hii tunataka nyeupe zaidi ya nyekundu. Ushirika unasema: wanachama wetu wa upande huu watapruni wiki ya kwanza, wa upande ule wiki ya tatu. Asiyepata nafasi anajua mapema. Anaweza kupruni nusu ya shamba, kutafuta mnunuzi mwingine, au kujipanga kukausha zabibu kavu.

Nakubali mpango huu hauwaenei wote. Mwenye pampu, kama wale wa skimu ya Chinangali, anaweza kuchagua wiki yake. Anayetegemea mvua hana uhuru huo, kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili. Tena katika msimu huo mkulima anaweza kukuta vishada vyake vinaiva kwenye unyevu, na ubwiri ukaingia. Lakini hata akipangiwa wiki mwenye pampu peke yake, foleni getini inapungua, na asiye na pampu anapata nafasi.

Kuna jambo la pili ambalo mkutano wa aina hii hulitatua na tangi haliwezi. Ni ugomvi wa ubora. Mkulima anafikisha zabibu, anaambiwa sukari haijafika, bei inakatwa. Yeye anaona ni ujanja wa mnunuzi. Mnunuzi anaona mkulima kawahi kuvuna kwa hofu ya kuibiwa au kukosa nafasi. Pengine wote wawili wako sahihi. Kifaa cha kupima sukari kinaenea kiganjani. Unaminya punje, tone moja linaangukia kwenye kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Juu unaona buluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana ndipo penye namba. Ikisoma 22, mchuzi huo ukichachuka wote unaweza kutoa mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 au zaidi kidogo. Ikisoma 17, hautafika huko bila kuongezewa sukari. Mkulima aliyechungulia mwenyewe, kwenye meza moja na mnunuzi, msimu wowote kwa zabibu yoyote, hawezi tena kukatwa bei kwa maneno matupu. Na atavumilia siku tano zaidi kabla ya kuvuna, maana amejua siku hizo zinamlipa.

Pingamizi lililo zito kuliko yote, kwangu, linatoka huko huko California. Wana mkutano wao mkubwa, wana taarifa ya serikali inayotoka kila Februari ikionyesha tani zilizokamuliwa, wastani wa bei na kiwango cha sukari kwa kila aina na kila wilaya. Pamoja na yote hayo, mavuno ya 2024 yaliyokamuliwa yalikuwa chini ya tani milioni 3, kidogo kuliko miaka takriban 20 iliyotangulia, na wakulima wengi waliacha zabibu shambani au wakang'oa mizabibu kwa sababu mvinyo haunyweki kama zamani. Mkutano haukuwaumbia wanywaji. Anayeahidi kwamba kongamano litaleta soko Dodoma anawadanganya wakulima, na hoja ya wapinzani hapo ni ya kweli kabisa.

Lakini tazama namna walivyopata habari hiyo. Mkulima wa kule alikaa ukumbini Januari, akasikia maghala yamejaa na viwanda havitoi mikataba mipya, akapata muda wa kuamua kabla hajamwaga fedha za msimu. Aliumia, na wengine wamefilisika. Wa kwetu habari hiyo hiyo anaipata getini, kreti zikiwa juu ya gari, baada ya kutumia kila shilingi aliyokopa. Hasara ya kujulishwa mapema na hasara ya kushtukizwa hazilingani, hasa kwa mwenye ekari moja au mbili.

Watengenezaji wadogo nao, waliopata mafunzo SIDO, shirika la viwanda vidogo, na wanaojaza chupa nyumbani kwa kufuata masharti ya shirika la viwango, TBS, wangefaidika kwa kununua chupa na vizibo kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika kivyake. Na kwa kuwa ushuru wa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ni mdogo sana kuliko wa mvinyo mwingine, wangemsikia ofisa wa kodi akieleza ana kwa ana jinsi asilimia hiyo inavyothibitishwa.

Wapo wanaopinga kwa sababu ya imani, au kwa kuwa wameona pombe ilivyovunja nyumba. Siwezi kuwaambia wanakosea kuhusu pombe. Ninachowaomba ni kutofautisha. Tamasha la kuonja mvinyo huongeza wanywaji. Mkutano wa kupanga wiki za kupruni na kupima sukari unagusa zabibu ambazo zimeshapandwa na familia ambazo tayari zinazitegemea. Mada za zabibu za mezani, juisi na zabibu kavu zipewe ukumbi wao, na kilevi kisimwagwe uwanjani kama kivutio.

Gharama ibebwe na wauza mashine na pembejeo kwa kulipia mabanda, kama inavyofanyika kwingine, na sehemu ya malipo hayo ilipie nauli ya wawakilishi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), kwa sababu mkutano huu bila wakulima unageuka duka la pampu. Hatari hiyo ipo hata nchi zilizoendelea: kiingilio kikipanda, mwenye shamba dogo anabaki nyumbani na ukumbi unakuwa wa wauzaji. Tarehe iwe wiki ya kwanza ya Oktoba. Asubuhi ya kwanza, kabla ya hotuba yoyote, kila kiwanda kitaje lita kilizonazo wazi, aina ya zabibu kinayotaka, sukari ya chini kinayoikubali na bei ya kuanzia, na yaandikwe ubaoni mbele ya wakulima. Kiwanda ambacho hakiko tayari kutaja hayo kikaribishwe kulipia banda, lakini kisipewe kiti kwenye meza ya kupanga ratiba.