Hakuna Boti Isiyohitaji Matunzo

Wiki iliyopita nilimsaidia rafiki yangu kuilaza ubavu boti yake ya alumini ili tutafute mahali maji yalipokuwa yakiingilia. Aliinunua miaka minne iliyopita, baada ya kuhakikishiwa na muuzaji kwamba alumini haiozi wala haishiki kutu, na kwa hiyo haihitaji matunzo yoyote zaidi ya kuoshwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akifua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, kila asubuhi, kwanza akidhani ni ya mvua, kisha akidhani ribiti zinazounganisha mabati zimelegea. Ribiti zilikuwa nzima. Tulipong'oa mbao za sakafu karibu na tezi, yaani sehemu ya nyuma, tulikuta kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, unga mweupe ulioganda kama chokaa iliyoloa, na katikati ya unga huo kulikuwa na kipande cha waya wa shaba kisichozidi urefu wa kidole, ambacho bila shaka kilidondoka mkononi mwa fundi aliyefunga taa. Nilipoukwangua unga kwa ukucha, mwanga wa jua ulipenya kutoka upande wa pili kupitia matundu matatu madogo kama ya sindano. Ule waya ulikuwa mzima kabisa.

Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na hasira yenyewe si juu ya alumini. Ni juu ya maneno yale mawili, "haihitaji matunzo", ambayo mvuvi huambiwa anapotoa akiba yake yote kununua chombo kitakachombeba yeye na wenzake usiku, mbali na nchi kavu.

Ni kweli kwamba alumini haishiki kutu kama chuma. Kinga yake ni utando mwembamba mno ambao hujitengeneza wenyewe pale metali inapokutana na hewa, na ukikwaruzwa hurudi papo hapo. Lakini metali mbili zisizofanana zikigusana ndani ya maji ya chumvi hugeuka betri, na iliyo dhaifu zaidi kati yake ndiyo inayoliwa. Alumini ni dhaifu mbele ya shaba, mbele ya risasi na mbele ya chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya shaba, chubwi la risasi la kuzamishia mshipi lililosahaulika chini ya sakafu, au kipande cha waya vinaweza kuitoboa taratibu, mahali ambapo hakuna anayetazama. Hata bila metali nyingine, wavu mbichi au gunia lililoloa likiachwa limelalia bati mahali pamoja kwa wiki nyingi huinyima hewa, na utando ule haujitengenezi tena. Rangi nyingi za kupakwa chini ya boti ili viumbe vya baharini visishike zina shaba ndani yake, kwa hiyo rangi ileile inayoifaa boti ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya resini, inaweza kuiangamiza ya alumini.

Ndiyo maana boti ya alumini inayokaa baharini hufungwa vipande vya zinki ili viliwe vyenyewe badala ya bati. Kwenye maji yasiyo na chumvi hutumika magnesiamu. Vipande hivyo vinapaswa kukaguliwa mara kwa mara na kubadilishwa vikifikia nusu, na kamwe visipakwe rangi, kwa sababu vikipakwa rangi havigusi maji na haviwezi kufanya kazi. Rafiki yangu alikuwa na kipande kimoja cha zinki nyuma ya boti. Alikuwa amekipaka rangi ya buluu, kwa uangalifu mkubwa, ili kifanane na boti. Hakuna mtu aliyemwambia, na mtu ambaye ameambiwa kwamba chombo chake hakihitaji matunzo angeanzia wapi kuuliza?

Ubishi wa faiba na alumini kwa kawaida huendeshwa kwa hoja za uzito na mwendo, na hoja hizo sizipuuzi. Boti ya alumini huwa nyepesi kuliko ya faiba ya ukubwa uleule, si kwa sababu metali yenyewe ni nyepesi kuliko faiba, bali kwa sababu bati jembamba linatosha kufanya kazi ya faiba nene. Wepesi huo humpunguzia mvuvi mafuta na jasho la kuivuta ufukoni. Faiba, kwa uzito wake, hukata wimbi bila kurushwa hovyo na haisukumwi ovyo na upepo mtu anapotaka kutulia juu ya samaki. Alumini hulia kama ngoma ukidondosha nanga ndani, na sauti husafiri ndani ya maji kwa kasi ya zaidi ya mara nne kuliko hewani, kwa hiyo samaki huisikia. Haya yote ni ya kweli na yote yanavumilika.

Lisilovumilika ni kuwa na chombo kilichopasuka ambacho huwezi kukitengeneza. Kwangu mimi hili ndilo swali la kwanza, tena ningependa kila anayeshauri wanunuzi alianze nalo: siku ufa utakapotokea, na utatokea, ni nani atakayeuziba, kwa kifaa gani, na chombo kitalala nchi kavu kwa siku ngapi?

Kulehemu alumini si kulehemu chuma. Ule utando unaoilinda huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali metali iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Fundi aliyezoea chuma huendelea kusubiri juu ilainike, na wakati anasubiri, chini kumekwisha yeyuka na bati limedondoka, na tundu la sindano limekuwa tundu la kupitisha ngumi. Anayeijua kazi husugua utando kwanza kwa brashi safi ambayo haijagusa chuma, huondoa kila chembe ya chumvi na mafuta, na hulehemu ndani ya gesi ya agoni inayozuia hewa isiguse mshono. Hata akifanya yote sawasawa, ukanda ulio kando ya mshono hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa sababu ya joto. Kazi nzuri ya namna hiyo ipo na nimeiona, lakini hufanyika mahali penye umeme, mitungi ya gesi na mtu aliyesomea. Pasipo na vitu hivyo, mvuvi hubandika gundi na kuomba Mungu.

Faiba naijua kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita niligonga mwamba, nikapata ufa wa urefu wa mkono chini ya omo, yaani sehemu ya mbele. Niliusaga ukingo wa ufa hadi ukawa mteremko mpana, kwa kipimo ambacho mafundi hukifuata, yaani mara 12 ya unene: bodi ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60 kila upande. Niliacha pakauke kabisa, nikapafuta kwa asetoni, nikachanganya resini kidogo kidogo pamoja na kigumishi kisichozidi asilimia 2, kwa sababu ukichanganya nyingi kwa pamoja huchemka na kuganda ndani ya kopo kabla hujaipaka. Mkeka wa nyuzi za kioo huwa mweupe mkavu, lakini resini inapouingia hugeuka kama maji, hadi unaona bodi iliyo chini yake. Palipobaki weupe ndipo penye hewa, na unapafuata kwa brashi, ukigonga gonga, mpaka weupe wote uondoke. Kazi yenyewe inakuonyesha kosa lako wakati bado unaweza kulisahihisha. Nililaza tabaka baada ya tabaka, kuanzia dogo hadi kubwa, na kesho yake nikapiga msasa. Kiraka hicho kiko pale hadi leo.

Watetezi wa alumini wataniambia kuhusu mbao zilizofichwa ndani ya faiba, na hapo sina budi kukubali. Boti nyingi za faiba, hasa za zamani, zina mbao ndani ya mataruma, yaani mbavu za boti, na ndani ya ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri huingiza maji huko, na mbao huoza kimya kimya huku nje kukiwa kunang'aa. Nimewahi kugonga ukuta wa namna hiyo kwa mpini wa nyundo: sehemu nzima ilijibu kwa mlio mkavu, na sehemu iliyooza ilijibu kama boga. Aliyeuza boti ile pia alikuwa amesema haihitaji matunzo. Kwa hiyo kosa hili liko pande zote mbili, na kila mtu anayetaka kununua boti ya faiba iliyotumika aende na nyundo.

Nakubali pia, tena kwa uchungu, kwamba faiba haina pa kwenda ikifa. Alumini huyeyushwa na kutumika upya kwa takriban asilimia 5 tu ya nishati iliyotumika kuitengeneza mara ya kwanza, ilhali faiba huishia kuzikwa, kuchomwa au kuachwa ufukoni ikimomonyoka. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Brighton na Portsmouth walieleza kwamba wamekuta chembe za nyuzi za kioo ndani ya chaza na kome wa bandari ya Chichester, Uingereza. Sisi tunaoishi kwa kuvua hatuna haki ya kulipuuza jambo hilo, na tangu niliposoma habari zake, kila ninapopiga msasa hutandika turubai chini na kukusanya vumbi lote. Najua hiyo haitoshi.

Na kama unavua kwenye mto wenye mawe, ambako boti huburutwa kila siku na maji hayana chumvi, chukua alumini. Sitabishana nawe. Bati hubonyea pale ambapo faiba ingepasuka, na mbonyeo haukuzuii kurudi nyumbani. Ila kumbuka kwamba si alumini wala faiba inayoelea ikijaa maji. Kinachoelea ni maboya ya povu au vyumba vya hewa vilivyojengwa ndani, na hivyo vikaguliwe kabla ya kuangalia rangi na mashine.

Mimi navua baharini, mbali na karakana, na boti yangu hulala majini. Kwa maisha hayo nimechagua faiba, na ningeichagua tena kesho.

Rafiki yangu aliniuliza kama auze boti yake. Nilimwambia asiiuze, kwa sababu atakayeinunua atauziwa maneno yaleyale. Tumeng'oa sakafu yote, tumeosha ngama kwa maji yasiyo na chumvi, tumeokota skrubu mbili na chubwi moja zaidi, na tumesugua rangi ya buluu juu ya zinki hadi metali ikaonekana. Mchomeleaji mwenye gesi amepatikana, lakini ametaka boti ikauke kwanza.